Nani Ameshika Sekunde Kumi za Kwanza?

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Dodoma mbele ya mafundi umeme, wajumbe wa kamati za nishati za vijiji, madiwani na wanafunzi wa uhandisi. Waliokosa kufika waliomba wayapate yote, kwa hiyo nayaweka kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani ndizo nimeziacha.

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, mafundi wenzangu, wajumbe mliotoka Kondoa, Mpwapwa, Bahi na Manyoni, na vijana wangu wa chuo mliojazana huko nyuma kwenye feni: itifaki imezingatiwa. Mwenyekiti ameshaniangalia kwa lile jicho la mtu aliyechoka na wahandisi wanaokula muda wa watu, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nianze na swali. Mara ya mwisho umeme ulipozimika kwenye kijiji chenu chenye gridi yake yenyewe, ulizimika kwa sababu haukutosha? Anayeamini hivyo anyooshe mkono. Naona. Karibu ukumbi mzima. Mheshimiwa diwani pale mbele kanyoosha yote miwili.

Sasa nisikilizeni. Gridi nyingi nilizoitwa kuzitazama zilianguka jua likiwaka, betri ikiwa na chaji na tenki la dizeli limejaa. Umeme ulikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kuishika gridi zile sekunde chache baada ya jambo kubadilika ghafla: wingu limepita, mota imewaka, waya umeanguka. Nani ameshika sekunde kumi za kwanza? Hilo ndilo swali langu la leo, na nitalirudia mpaka mnichoke.

Vijana wa chuo mtanivumilia kidogo, haya mnayajua, lakini wajumbe wa kamati wana haki ya kuyasikia bila hesabu za ubaoni. Waya hauhifadhi umeme. Kinachotumika sasa hivi kinazalishwa sasa hivi. Matumizi yakizidi uzalishaji, jenereta zinapungua kasi. Uzalishaji ukizidi matumizi, zinaongeza kasi. Kasi hiyo tunaipima kwa frikwensi, na kwetu Tanzania inatakiwa iwe hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa kila sekunde. Ikishuka mno, vifaa vya ulinzi vinakata umeme ili mitambo isiharibike. Ikipanda mno, vinakata vilevile.

Jenereta ya maji au ya dizeli ina chuma kizito kinachozunguka, na chuma kizito hakisimami ghafla. Ni kama lori lililosheheni mahindi kutoka soko la Kibaigwa: dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, lori linaendelea kwenda kwa uzito wake, na dereva anapata muda wa kufikiri. Bodaboda ukiikatia mafuta, imesimama. Uzito huo wa mzunguko wahandisi wanauita inesha. Paneli ya jua haina kinachozunguka. Inatoa umeme safi, wa bei nafuu, na hapa kwetu jua si la kutafuta kwa tochi, lakini inesha haina hata chembe.

Tuweke namba. Chukua gridi ndogo yenye mzigo wa kW 1,000, na chuma chake kinachozunguka kina nguvu ya kubeba mzigo huo wote kwa sekunde 2 tu. Wingu linapita, kW 200 zinaondoka kwa mpigo mmoja. Frikwensi inaanza kushuka kwa hezi 2.5 kila sekunde. Hesabu sekunde moja tu: uko hezi 47.5, na vifaa vingi vimeshaanza kujitoa. Wahenga walisema kawia ufike. Kwenye gridi ndogo ukikawia utawakuta watu wameshawasha tochi za simu.

Na msidhani haya ni ya vijijini peke yake. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja MW 235, jumla MW 2,115, na MW moja ni kW 1,000. Tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia. Lakini mahitaji ya juu ya nchi yetu nzima yamekuwa yakizunguka MW 1,900 hivi. Mtambo mmoja ukijitoa ukiwa na mzigo kamili, umeondoka na zaidi ya asilimia 12 ya umeme wa taifa. Na usiku wa manane, watu wamelala, ni asilimia kubwa zaidi. Wenzetu wa bara la Ulaya wamejipanga kupoteza MW 3,000 kwa mpigo mmoja, na kwao hiyo haifiki asilimia 1 ya mzigo wa siku ya baridi kali. Kwa kipimo hicho Tanzania nzima ni kisiwa. Mnaikumbuka Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024? Hitilafu kwenye Gridi ya Taifa, nchi karibu yote giza. Kwa tarehe ile, wapo waliodhani wanataniwa.

Kuunganishwa na Kenya kwa laini ya kV 400 kunatupunguzia upweke, tushukuru. Ila laini nayo hukatika. Waulizeni Wazanzibari. Unguja inategemea waya unaopita chini ya bahari kutoka bara, na kuanzia Desemba 2009 waya ule ulipoharibika, kisiwa kilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi, hadi Machi 2010. Mahoteli yalinguruma jenereta usiku na mchana. Waya mpya wa MW 100 ulikuja 2013. Nawatajia hilo kwa sababu wengi wenu mko mwisho wa laini ndefu moja, na siku laini hiyo ikikatika mnakuwa kisiwa bila kuwa na bahari.

Sasa hadithi ya mashine ya kusaga. Hii nataka mafundi mnisikilize kwa masikio yote.

Kijiji kimoja upande wa Mpwapwa, jina lake mniachie mwenyewe. Kina paneli, jenereta ya dizeli na betri chache zilizochoka. Umeme ulikuwa ukizimika mchana wa jua kali, karibu kila siku. Kamati ikakaa, ikasema umeme hautoshi. Wakachangishana, wengine waliuza mbuzi, wakaongeza paneli. Umeme ukazidi kuzimika. Tena sasa ulizimika mara mbili, mara tatu kwa mchana mmoja.

Tulipoitwa, aliyeokoa kazi yote ni fundi wa kijiji, kijana mtulivu asiyesema sana. Akatuambia, "Wahandisi, watu wanamlaumu mwenye mashine kwamba akiwasha, umeme unakata. Mimi nimemwangalia. Haukati akiwasha. Unakata akizima."

Akizima! Mnaona ugumu wake? Sisi wote tulikwenda pale na jibu mfukoni. Mota ya mashine ya kusaga ikianza moja kwa moja, bila sta-delta, ile swichi ya kuiwasha mota kwa hatua, inavuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na hilo kila fundi analijua. Kumbe mwenye mashine alikuwa ameshafungiwa sta-delta safi kabisa. Kuwasha hakukuwa na tatizo.

Tukakaa mashineni. Unga unaingia masikioni, kipimo cha frikwensi kiko mkononi, kina mama wamepanga foleni ya ndoo wanatushangaa. Ndoo ya mwisho ikaisha, mwenye mashine akashusha swichi. Frikwensi ikaruka: 50.3, ikafika 50.6. Kutoka kwenye kibanda cha inveta, vile vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uweze kuingia kwenye gridi, tukasikia tak, tak, tak, tak, swichi zake zinajifungua moja baada ya nyingine. Jenereta ikaguna, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Mama mmoja kwenye foleni ya pili akasema, "Si mmeona?" kama vile sisi ndio tulioleta ugonjwa.

Kilichotokea ni hiki. Mchana jua lilikuwa limebeba karibu mzigo wote, na jenereta inazunguka kivivu pembeni. Mashine ilipozimwa, umeme ukawa mwingi kuliko matumizi, frikwensi ikapanda. Inveta zote zilikuja kutoka kiwandani na amri moja: frikwensi ikivuka 50.2, jitoe. Zikajitoa. Zote. Kwa hiyo ndani ya sekunde moja gridi ilitoka kwenye umeme uliozidi ikaingia kwenye umeme usiokuwepo. Jenereta iliyokuwa imesinzia ikatupiwa kijiji kizima, na haikuweza. Na kila paneli waliyoongeza kwa pesa za mbuzi ilikuwa inaongeza ukubwa wa shimo lile.

Dawa? Kompyuta mpakato, nenosiri la msambazaji, na mchana mmoja wa kazi. Tuliziambia inveta: frikwensi ikivuka 50.2 msijitoe, punguzeni umeme kidogo kidogo kadiri inavyopanda. Paneli ni zilezile, jenereta ni ileile, na mashine inawashwa na kuzimwa wala hakuna anayegeuka.

Mnajua ile namba 50.2 ilitoka wapi? Ujerumani. Zamani paneli zilipokuwa chache, kanuni yao ilisema frikwensi ikivuka 50.2, paneli zitoke. Paneli zikawa nyingi. Wakashtuka kwamba siku frikwensi ya Ulaya ikigusa namba hiyo, maelfu ya MW yataondoka kwa pamoja. Kuanzia 2012 ikabidi wapite kubadilisha mipangilio kwenye mifumo zaidi ya 300,000. Wao walikuwa na gridi ya bara zima ya kuwasitiri, frikwensi yao ni nadra kufika huko. Yetu ya kijijini inafika kila mwenye mashine anapomaliza ndoo. Ukinunua inveta, umenunua na namba za nchi iliyotengenezewa, na mwenye kuzisoma awe mtu wako.

Mnaona nimekaa sana kwenye kijiji kimoja. Nimefanya makusudi, maana kosa lile lile limewahi kuangusha jimbo zima la nchi tajiri.

Australia Kusini, tarehe 28 Septemba 2016. Dhoruba yenye vimbunga inang'oa minara ya laini kubwa. Laini zinapiga shoti moja baada ya nyingine, volteji inatikisika mara kadhaa ndani ya dakika mbili. Mashamba kadhaa ya upepo yalikuwa na mpangilio ndani yake: volteji ikitikisika zaidi ya idadi fulani ya mara kwa muda mfupi, punguza au jitoe. Mpangilio huo walioendesha gridi hawakuwa na habari nao. Upepo wenyewe ulikuwa tele, ni dhoruba! Lakini MW 456 zikaondoka ndani ya sekunde zisizofika 7. Laini ya kuunganisha na jimbo jirani la Victoria ikajaribu kuziba pengo lote peke yake, ikazidiwa, ikakata. Saa 10 na dakika 18 jioni jimbo zima likawa kisiwa, na kisiwa hakikudumu hata dakika. Wateja wapatao 850,000 gizani.

Wanasiasa wakaanza: mmeona, upepo haufai! Wengine wakajibu: dhoruba ndiyo imefanya! Wahandisi wakafungua kumbukumbu za mitambo, wakakuta mpangilio, wakaubadilisha. Nani alikuwa ameshika sekunde kumi za kwanza? Laini moja, na umeme wake ulitoka nje ya jimbo.

Mwaka uliofuata wakafunga betri ya Hornsdale, MW 100, ya uniti 129,000. Kila mtu alizungumzia ukubwa wake. Mimi nilipenda jambo dogo lililotokea Desemba 2017, haijamaliza mwezi kazini. Usiku wa manane mtambo wa makaa ya mawe wa Loy Yang ulijitoa ukiwa na MW 560, karibu kilomita 1,000 kutoka ilipo betri. Betri ikajibu mara moja, kabla ya jenereta yoyote kupata pumzi. Ilisukuma MW 7 na ushee. MW 7 kwenye pengo la 560 ni kidogo, lakini angalia saa, usiangalie kiasi. Baadaye, mwaka 2021, wakaongeza mashine 4 kubwa zenye umbo la jenereta ila hazichomi chochote. Gridi ndiyo inayozizungusha, nazo zinairudishia uzito na kushika volteji. Fikirini hilo kabla ya kuuza jenereta kuukuu ya wilaya kama chuma chakavu. Muulizeni mhandisi kama upande wake wa umeme unaweza kubaki unazunguka bila injini. Mara nyingi atasema haiwezekani, au haina faida. Muulizeni tu.

Nahamia kwenye dizeli, maana najua kuna watu hapa wanasema moyoni: basi tuiache jenereta iwake mchana kutwa, itushikie. Ndiyo. Wengi ndivyo wanavyofanya. Lakini jenereta ya dizeli haipendi mzigo mdogo. Ukiiendesha kwa muda mrefu chini ya asilimia 30 hivi ya uwezo wake, mafuta hayaungui sawasawa, masizi yanajaa, ekzosi inaanza kutoa utomvu mweusi kama lami. Fundi anayeijua mashine yake ataibebesha mzigo kwa nguvu, na ili ibebe, paneli lazima zipunguzwe. Unalipa dizeli kusudi jua lisitumike! Nimeona vijiji vina paneli nzuri, kila mchana zimezimwa nusu.

King Island, kati ya Tasmania na bara la Australia, walilitatua hili hatua kwa hatua. Ni kisiwa kidogo cha wafugaji, maarufu kwa jibini. Waliweka upepo na jua. Wakaweka hita kubwa ya kumeza umeme uliozidi, ambayo inaweza kuachia kufumba na kufumbua upepo ukikatika. Wakaweka gurudumu zito linalozunguka muda wote, lile mafundi wa magari wanaliita flaiwili, likiwa limeunganishwa na injini ya dizeli ili injini iweze kushtuliwa haraka. Na betri. Leo kuna saa nyingi dizeli yote ya kisiwa imezimwa kabisa, na kwa mwaka karibu asilimia 65 ya umeme wao inatoka kwenye upepo na jua.

Angalieni betri yao: MW 3, uniti 1,500. Ukiiendesha kwa nguvu zote inaisha baada ya nusu saa! Mjumbe wa kamati ya zabuni angeikataa palepale, kwamba hii betri haifiki hata jioni. Lakini hawakuinunua ili ifike jioni. Waliinunua ishike gridi wakati dizeli inaamka. Uniti zinakwambia umeme utakaa muda gani. Kilowati zinakwambia utasukuma kwa nguvu kiasi gani. Nimesoma zabuni zetu nyingi zimeandika uniti peke yake, kilowati hazijatajwa, na muda wa kujibu hautajwi popote.

Kule Kodiak, Alaska, kisiwa cha wavuvi kinachoendeshwa karibu chote kwa maji na upepo, bandari ilitaka winchi kubwa ya umeme ya kunyanyua makontena. Kila inaponyanyua inavuta kwa kishindo, ikishusha inarudisha. Walifunga magurudumu ya kasi yapokee kishindo hicho. Mashine ya kusaga ya Mpwapwa na winchi ya Kodiak ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa inveta, na hapa ndipo pesa nyingi za miaka ijayo zitakapokwenda, kwa hiyo msisinzie. Kuna inveta inayofuata na inveta inayoongoza. Inayofuata husikiliza mawimbi ya umeme yaliyopo kwenye waya, ikajipanga nayo. Mawimbi yakipotea, inajizima. Ndiyo maana mwenye paneli za kuunganishwa na TANESCO bila betri hukaa gizani mchana kweupe laini ikikatika. Ni usalama pia, isije ikampiga fundi aliye juu ya nguzo. Inayoongoza haisubiri mtu. Inatengeneza mawimbi yake yenyewe, ikiwa na betri nyuma yake, na wengine wanaifuata.

Sasa niulizeni: gridi ikijaa inveta zinazofuata, zinamfuata nani?

Kauai, kisiwa cha Hawaii, umeme wao unamilikiwa na ushirika wa wateja wenyewe. Wana-AMCOS mliomo humu mlisikie hilo. Alfajiri ya 21 Novemba 2021, jenereta kubwa iliyobeba zaidi ya nusu ya mzigo wa kisiwa ilijitoa. Kwa hesabu za kizamani kisiwa kingekufa. Hakikufa. Betri zikashika. Lakini umeme ulianza kutetemeka, mawimbi ya takriban mara 18 hadi 20 kwa sekunde juu ya mawimbi ya kawaida, ukatetemeka kwa karibu dakika nzima ndipo ukatulia. Watafiti waliochambua tukio lile walikuta inveta zinazofuata zikigombana zenyewe kwa zenyewe, na zile zinazoongoza zikituliza. Baadaye ushirika ukageuza mitambo mingine kutoka kufuata kwenda kuongoza. Mara nyingi hilo ni suala la programu, ilimradi inveta iliyonunuliwa inaikubali. Usiponunua inayoikubali, huwezi kuigeuza kwa maombi.

Nimesema mengi ya mitambo. Kuna kitu kingine kinachoshika gridi nacho hakiuzwi dukani: makubaliano ya watu.

Kisiwa cha Eigg, Scotland, watu kama mia moja hivi. Tangu Februari 2008 wana gridi yao wenyewe ya maji, upepo na jua. Walikubaliana kwamba kila nyumba isivute zaidi ya kW 5 kwa wakati mmoja, biashara kW 10. Aliye tajiri na aliye maskini, ni 5. Ukizidisha, unakatika wewe, majirani wanaendelea. Umeme ukizidi, unapasha joto majengo ya jumuiya. Fikirini ugumu wa kikao kile cha kwanza! Nani atakubali kuwekewa kikomo ilhali ana pesa ya kulipa?

Sisi hapa tuna nafasi nzuri kuliko wao, na sijui kwa nini tunaichezea. Mkoa huu watu wanaishi kwa visima. Kila kijiji chenye umeme kina pampu, na maji hayajali yamesukumwa saa ngapi. Jua likizidi saa 6 mchana, pampu iwake, tenki lijae. Wingu likija, pampu iwe ya kwanza kukatwa, kwa rilei, yaani swichi inayojikata yenyewe, bila kumngoja mwendeshaji aliyekwenda kula. Hakuna mama atakayejua kwamba pampu ilisimama dakika 4, maji yako juu tenkini. Nimekuta pampu zinawashwa saa 1 jioni, saa ileile ya taa, televisheni na friza za soda. Kwa nini? "Ndivyo tulivyozoea." Ndugu zangu!

Na orodha ya kukata. Frikwensi ikianza kuanguka, lazima wengine wakatwe ili wengine wabaki, na uamuzi huo rilei inaufanya haraka kuliko mtu kumaliza kusema "jamani". Nani anakatwa kwanza? Nani wa mwisho? Zahanati ina friji ya chanjo. Mwenye mashine ana foleni ya ndoo. Baa ina mpira wa usiku, na msinicheke, baa ndiyo inayolipa uniti nyingi kuliko wote. Orodha hii isiandikwe na mhandisi mgeni kwenye kompyuta yake. Iende mkutano mkuu wa kijiji, ibishaniwe, iandikwe kwenye muhtasari, ndipo fundi aiweke kwenye rilei. Waheshimiwa madiwani, hapo ni kazi yenu, mimi sina utaalamu wa kumwambia mwenye baa.

Namalizia na jambo la karatasi. Wengi wenu mtakaa kwenye kamati za zabuni mwaka huu. Muuzaji akija na vipeperushi vya paneli, msianze na bei kwa kila wati. Mwambieni aandike, kwa mkono wake na kwa sahihi, inveta zake zinakata kwenye frikwensi ipi juu na ipi chini, na kama mnaweza kubadilisha wenyewe bila kumsubiri mtu wake kutoka Dar es Salaam. Aandike betri inafikia nguvu yake yote baada ya muda gani, kwa milisekunde. Aandike kama inaweza kuiwasha gridi kutoka gizani, bila jenereta na bila laini ya nje. Na kabla hamjalipa awamu ya mwisho, mfanyie jaribio mchana kweupe, jua likiwa kali: zimeni mashine ya kusaga, kisha kateni jenereta kubwa mbele yake, kijiji kikiangalia. Akikataa jaribio, mmeshapata jibu.

Mwenyekiti, najua muda umekwisha. Naona mafundi wa Kondoa mikono iko juu tangu niliposema inveta zinazofuata, na mmoja ana inveta yenyewe kwenye mfuko wa rambo. Tuanze na huyo. Ilete hapa mezani, na kama kuna mwenye bisibisi ya nyota, asogee.